Kwa Rashidi, kuhusu karabini ya Spencer

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Hiyo karabini ya Spencer (bunduki fupi ya Kimarekani ya karne ya 19) mliyoletewa dukani hapo Denver usiisugue wala kuipaka chochote kabla hujaisoma hii.

Kwanza hakikisha haina kitu ndani. Wengi hushusha wenzo (mkono wa chuma ulio chini unaoifungua bunduki), wakiona chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu wanaridhika. Hatari kubwa, kwa sababu risasi 7 za Spencer hukaa ndani ya kitako, hazionekani. Elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo hadi nusu koki (ikwame katikati, isilale wala isifike mwisho), kisha zungusha kishikio kilicho kwenye bamba la nyuma ya kitako na uchomoe bomba lenye springi taratibu. Inua mtutu juu. Risasi zikiwemo zitateleza zenyewe kwa nyuma. Ndipo ushushe wenzo na kuchungulia chemba. Nusu koki usiipuuze: baruti ya kuwashia risasi hizi imo kwenye ukingo wa ganda, na nyundo ikiwa imelala, pini inaweza kuwa inagusa ukingo huohuo. Nyundo ikigongwa kidogo tu, risasi inalipuka.

Umesema wenzo unaishia nusu na mwenye mali anadhani imevunjika. Tazama mbele ya kifyatulio, chini. Kama kuna kipande kidogo cha chuma kinachozunguka, hicho ni kizuizi cha Stabler. Kikikaa kwa upande mmoja, wenzo haushuki wote, ili askari apakie risasi moja moja kwa mkono na kuziacha zile 7 kwa wakati wa shida. Kigeuze tu, wenzo utashuka. Wanaoulazimisha huharibu chuma bure.

Ila kizuizi hicho kisikufanye useme ni ya modeli ya 1865. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, karakana ya jeshi ya Springfield ilizifanyia marekebisho karabini nyingi za zamani: iliziwekea kizuizi na kuingiza bomba jembamba ndani ya mtutu ili zitumie risasi ndogo zaidi. Kwa hiyo pima mtutu. Mtutu wa modeli ya 1860 una inchi 22, kama sentimita 56. Wa 1865 una inchi 20. Halafu chungulia mdomoni kwa tochi. Ukiona duara nyembamba ya chuma ndani ya chuma, imewekewa bomba. Ikiwa imeandikwa Burnside, Providence (jina la kiwanda kingine na mji wake), ni ya 1865 iliyotengenezwa kwa mkataba, wala si bandia.

Hapo Colorado silaha hii ina historia yake. Septemba 1868, maskauti wapatao 50 wa Forsyth, ofisa wa jeshi la Marekani, walizingirwa kwenye mto Arikaree na wapiganaji wa Cheyenne, Sioux na Arapaho, na Spencer ndizo zilizowawezesha kushikilia kisiwa cha mtoni humo walikojificha. Muuzaji akija na madai kwamba yake ilikuwepo kwenye mapigano hayo, mtake karatasi za kuthibitisha. Hadithi tupu haiongezi bei. Kuanzia 1873 jeshi lilirudia karabini ya Springfield ya risasi moja moja, uamuzi ambao mimi naona ulikuwa wa kubana matumizi kuliko wa busara.

Kusafisha: kitambaa laini na mafuta mepesi ya bunduki, basi. Rangi ya kahawia ya chuma iache. Upande wa kushoto wa kitako kuna mihuri ya wakaguzi iliyopigwa kwenye mti. Msasa ukipita mara moja mihuri inafutika, na thamani inaondoka nayo. Skrubu usiziguse bila bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Mkianza kufikiria kuifyatua, iwe ni baada ya fundi wa bunduki za kale kuikagua, na kwa baruti nyeusi pekee. Baruti ya kisasa itaipasua.

Nitumie picha ya mihuri hiyo, ya maandishi yaliyo juu nyuma ya chemba, na ya mdomo wa mtutu.

Rafiki yako,
Hamisi