Mwanamke huangushwa chamani kabla ya Agosti

Mhariri,

Kila uchaguzi mkuu wa Agosti unapokaribia nchini Kenya husikika lawama ile ile sokoni, kanisani na redioni: eti wanawake hawawapigii kura wanawake wenzao. Sisi tunaofundisha elimu ya uraia Kisumu na kaunti jirani tunaomba nafasi tueleze kwa nini lawama hiyo imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Katika wadi nyingi, mpigakura haletewi jina la mwanamke hata moja. Limeshakatwa chamani miezi kadhaa kabla, na karatasi ya kura inamfikia ikiwa na majina ya wanaume pekee.

Mji huu si mgeni wa uongozi wa wanawake. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 wakazi wakampeleka Bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Eneobunge la Karachuonyo nalo lilimchagua Phoebe Asiyo, ambaye mwaka wa 1997 alileta hoja Bungeni ya kutaka wanawake watengewe nafasi. Ikaangushwa. Katiba ya 2010 ikasema, katika Kifungu cha 27(8), kwamba chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Februari 2019 mswada wa kuitekeleza kanuni hiyo Bungeni ulikwama kwa kukosa wabunge 233 waliohitajika kuupitisha. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa. Mwaka wa 2022 wanawake walishinda maeneobunge 29 kati ya 290.

Hayo ya Bunge la Taifa yameandikwa sana. Tunataka kushuka hadi wadi, kwa kuwa huko kanuni ya thuluthi mbili ina meno, na wananchi wengi hawajaonyeshwa hesabu yake.

Kifungu cha 177 cha Katiba kinataka bunge la kaunti liongezewe viti vya uteuzi hadi jinsia iliyo chache ifike thuluthi. Kujua viti vingapi, chukua idadi ya wadi, toa mara tatu ya wanawake waliochaguliwa, kisha gawanya kwa mbili. Ukibaki na nusu, ihesabu kuwa kiti kizima. Kisumu ina wadi 35. Asiposhinda mwanamke hata mmoja, viti 18 vitaongezwa na bunge liwe na watu 53. Wakishinda watano, vinaongezwa 10 tu. Wakishinda 12, hakiongezwi hata kimoja. Nakuru, yenye wadi 55, ingehitaji viti 28 bila mwanamke aliyechaguliwa, na ingehitaji sufuri wakishinda 19. (Viti vya vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyotengwa vina hesabu yao, tumeviweka kando.)

Maana yake ni kwamba kila wanawake wawili wanaoshinda wadi wanaondoa viti vitatu vya uteuzi. Anayelalamika kwamba mabunge ya kaunti yamejaa watu na mishahara inamlemea mlipa ushuru, dawa anayo mkononi. Tena diwani aliyechaguliwa ana wadi yake na watu wa kumdai kazi, jambo ambalo aliyeteuliwa hana.

Sasa tuje chamani, ambako mambo huharibika. Mwanamke akionyesha nguvu mashinani, huitwa kwenye kikao cha maelewano. Wazee wa chama humwambia amwachie fulani tiketi, naye atawekwa kwenye orodha ya chama ya viti vya uteuzi. Anakubali, anamnadi mwenzake, na mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa kupata mgombea wa chama, unapita. Mwaka wa 2022 michujo ilifanyika Aprili, ilhali orodha za vyama hupelekwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, yaani mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo miwili orodha huandikwa upya mara nyingi, na wanaoiandika si wale wazee wa kikao. Ahadi ni deni, lakini hili halina maandishi wala shahidi. Ikishapokelewa na IEBC, orodha hudumu muhula mzima.

Hata anayepata nafasi kwenye orodha huweza kudanganywa na nambari. Viti vya uteuzi hugawiwa kulingana na wadi ambazo chama kimeshinda, na majina huchukuliwa kwa mpangilio kuanzia juu. Chama kilichoshinda wadi 14 kati ya 35 kina asilimia 40. Kama viti vya kuongezwa ni 18, kitapata 7. Aliye mwanamke wa 11 kwenye orodha amepigiwa vigelegele kijijini na hana kiti. Kwa hiyo anayeombwa kujiondoa aulize nambari yake, aulize chama kinatarajia wadi ngapi, na apewe jibu kwa maandishi. Ushauri wetu, kama ana watu, ni asijiondoe.

Njia ya mchujo nayo itazamwe mapema. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inaruhusu mchujo wa wanachama wote au wa wajumbe. Katika mchujo wa wajumbe, mshindi hujulikana siku wajumbe wenyewe wanapochaguliwa, na uchaguzi huo wa mashinani wengi huupuuza. Katika mchujo wa wanachama, sajili ndiyo kila kitu: wafuasi wako wasipokuwemo, wanageuzwa mlangoni. Ukidhulumiwa, anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo na uweke ushahidi kwamba ulifika huko, kisha nenda kwenye Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Wanaokwenda moja kwa moja kwenye jopo wakiwa mikono mitupu hurudishwa, na siku zinakuwa zimekwisha.

Anayechagua kuwa mgombea huru wa udiwani anahitaji saini za wapigakura 500 wa wadi hiyo, na awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Akusanye zaidi ya 500, kwa sababu baadhi hugunduliwa wamesajiliwa wadi jirani. Ada ya IEBC kwa udiwani ilikuwa Sh5,000 mwaka wa 2022, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Si ada hiyo inayowashinda wagombea. Gharama kubwa iko kwa maajenti. Kituo cha kupigia kura hakizidi wapigakura 700, kwa hivyo wadi ya wapigakura 14,000 haina chini ya vituo 20, na kila kituo kinataka mtu wako wa kukaa hadi kura zihesabiwe, aweke saini kwenye fomu ya matokeo na abebe nakala yake. Ajenti asiyelishwa huondoka saa kumi na moja jioni, wakati ambapo kazi yenyewe inaanza.

Kuna pesa za umma kwa jambo hili. Asilimia 15 ya Hazina ya Vyama vya Kisiasa hugawiwa kwa kuangalia wagombea wa makundi maalumu waliochaguliwa kupitia chama. Chama kilichopokea fedha hizo kinatakiwa kutumia angalau asilimia 30 kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii ndogo. Chama ambacho zaidi ya thuluthi mbili ya maafisa wake waliosajiliwa ni wa jinsia moja hakistahili kupewa kitu. Tunavitaka vyama vyenye ofisi Kisumu, Kakamega na Nakuru vionyeshe asilimia 30 hiyo ilitumika wapi: ni maajenti wangapi wa wagombea wanawake walilipwa, katika wadi zipi. Ikijibiwa kwamba ilitumika kwa semina hotelini, tunataka kujua ni nani waliohudhuria na waliwania viti gani.

Wadi ina uzito kwa sababu uongozi ni ngazi. Susan Kihika alikuwa spika wa bunge la kaunti ya Nakuru, kisha seneta, ndipo akawa gavana mwaka wa 2022. Gladys Wanga alikuwa mwakilishi wa kike wa Homa Bay (kiti cha Bunge kinachowaniwa na wanawake pekee) kwa mihula miwili kabla ya ugavana. Rozaah Buyu alipitia kiti hicho hicho Kisumu kabla ya kushinda Kisumu Magharibi. Ukiziba kidato cha chini, miaka kumi baadaye watu watauliza wanawake wa kuwania ugavana wako wapi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Anayefikiria kuwania, au kumuunga mkono anayewania, aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa na aweke nambari ya kitambulisho chake. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua kwa njia hiyo kwamba walisajiliwa katika vyama wasivyovijua. Akijikuta katika chama asichokijua, ajiondoe papo hapo, na kama atakuwa mgombea huru, awaombe wale wapigakura 500 wake wafanye vivyo hivyo kabla hajawachukua saini.

Wakufunzi wa elimu ya uraia,
Kisumu