Namba Ile ya Simu Kwenye Skrini

Mwanangu mpendwa,

Uliponipigia juzi usiku unahema, nilidhani kuna msiba. Kumbe ni kompyuta: skrini imejaa wekundu, king'ora kinalia, sauti ya mwanamke inakuamuru usiizime, na katikati imeandikwa namba inayoanza na +1. Ulinipigia mimi kabla ya kuipiga namba ile, na hilo limenituliza moyo mpaka leo. Nimeshafunga steshenari, nimebaki nikuandikie yale ambayo simu haikutupa nafasi.

Namba yenyewe ndiyo iliyonipa jibu. Microsoft wametamka wazi kwamba jumbe zao za hitilafu hazina namba ya simu, wala hawampigii mtu ambaye hakuwatafuta. Ulichokiona ni ukurasa wa intaneti tu, umejitanua ukaziba skrini nzima. Ndiyo maana nilikwambia ushikilie Esc, kisha ubonyeze Alt na F4. Ingegoma, ungeizima kwa kitufe. Ungepoteza kazi ambayo hukuihifadhi, basi.

Ungepiga, angepokea mtu mpole mno. Nalijua hilo kwa mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu. Walimwambia apakue AnyDesk, programu halali ambayo mafundi huitumia kuendesha kompyuta ya mtu wakiwa mbali. Alipowapa namba ya kuingilia wakaingia, wakamfungulia Event Viewer, wakamwonyesha misururu ya alama nyekundu. Mwanangu, misururu hiyo iko kwenye kila kompyuta, hata iliyotoka dukani leo. Ni daftari tu la matukio. Yeye aliamini inakufa, akawatajia namba za kadi ya benki. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba aliona aibu, akanyamaza wiki nzima, na wiki hiyo yote waliendelea kuchota.

Kuna aina nyingine inayosumbua zaidi kuitambua: kijisanduku kinachochomoza pembeni chini, kikisema una virusi vitano. Windows nayo hutoa arifa zake za kweli kwenye kona hiyo hiyo. Kisome kwa makini. Ukiona jina la kivinjari, kama Chrome, na anwani ya tovuti, basi kimetumwa na tovuti ambayo siku moja uliibonyezea "Ruhusu". Kwangu kilitoka kwenye tovuti ya mitihani ya zamani. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, nikaifuta ile tovuti, havikurudi tena.

Lakini usije ukapuuza kila kitu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na wateja kadhaa waliniletea ujumbe huo wakidhani ni utapeli. Ulikuwa wa kweli. Tuliufunga bila kubonyeza chochote ndani yake, tukafungua wenyewe Mipangilio, kisha Windows Update, tukaukuta. Fanya hivyo hivyo kwa habari za virusi: fungua mwenyewe Windows Security. Kama tatizo lipo, utalikuta humo, na hakuna atakayekudai hela.

Na ikitokea siku umeshawapa kitu, zima intaneti, ipigie benki, halafu nipigie mimi, hata iwe saa nane usiku. Sitakugombeza.

Jumamosi uwe na kompyuta mkononi, tupitie pamoja tovuti ulizoziruhusu. Baba yako anakusalimu.

Mama