Wachoraji, tuandikieni pembe ya kauntasinki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachoraji wa vipuri, maana tukiwaambia ana kwa ana karakanani huishia kucheka. Mimi ni mkaguzi wa kazi za mashine. Kinachonichosha si matundu yaliyotobolewa vibaya, ni midomo ya matundu hayo, yaani kauntasinki: ile koni inayokatwa mdomoni ili kichwa cha skrubu kizame hadi kulingana na uso.

Mchoro unakuja na tundu la milimita 6.6 kwa ajili ya skrubu ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6), mahali pake pametajwa hadi sehemu ya mia ya milimita, halafu pembeni maneno mawili tu: "weka kauntasinki". Pembe ipi? Mdomo upana gani? Skrubu za kichwa cha koni za vipimo vya milimita huwa na digrii 90. Za inchi za Marekani ni 82. Kwenye ndege utakuta 100. Kwa macho tu, 82 na 90 zinafanana, na fundi atachukua biti iliyo karibu na mkono. Skrubu ya 90 kwenye koni ya 82 hukaa kwa ukingo wa juu wa kichwa. Ya 82 kwenye koni ya 90 hushikia shingoni. Vyovyote iwavyo, mzigo unabebwa na mstari mwembamba badala ya uso mzima. Mstari ule ukibonyea skrubu inalegea, na lawama anapewa aliyeikaza!

Kina nacho kina hesabu yake. Kwa biti ya digrii 90, ukizamisha milimita 0.1 zaidi, mdomo unapanuka 0.2. Anayekadiria kwa mkono hapati matundu mawili yanayolingana. Afunge kizuizi cha kina, ajaribu kwenye kipande cha taka, atumbukize skrubu yenyewe, kisha apitishe rula juu yake. Na bati likiwa jembamba koni isimalize unene wote, kwani ukibaki ukingo mkali kama kisu, ufa huanzia hapo.

Mafundi nao siwaachi. Wanatoboa kazi ikiwa imebanwa vizuri kwenye jiliwa, wanaitoa, kisha mwanagenzi anaachiwa apanue midomo kwa keekee ya mkono. Kichwa cha koni hufuata koni, hakijali tundu liko wapi. Koni ikienda upande, skrubu nayo inavutwa huko, na ile nafasi ya ziada tunduni haisaidii kitu. Toa biti ya kutobolea, weka ya koni, kazi ikiwa palepale.

Halafu ule mlio wa kukereza meno, unaoacha mawimbi kuzunguka koni. Wengi wakiusikia hulegeza mkono, na makali yanaanza kusugua badala ya kukata. Punguza kasi hadi theluthi ya ile ya kutobolea au chini yake, ukandamize bila kusitasita. Biti ya jino moja hutulia kuliko ya meno mengi yaliyoachana sawasawa.

Wachoraji, naomba mstari mmoja: kipenyo cha mdomo, pembe, na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Na kama si lazima uso uwe bapa, tumieni bolti ya kichwa cha silinda, ambayo huvumilia tundu lililohama kidogo.

Mkaguzi wa karakana