Tokelau itaishiwa maji ya kunywa kabla ya kuzama

Mhariri,

Makala yenu kuhusu visiwa vinavyozama imeipa Tokelau aya moja, na ndani ya aya hiyo mna makosa kadhaa. Tokelau si kisiwa kimoja, na hatari inayoikabili haipimwi kwa rula. Mmeandika kwamba hakuna ardhi inayozidi mita tano juu ya bahari, jambo ambalo ni kweli, kisha mkapiga hesabu ya miaka iliyobaki. Hesabu hiyo ingefaa kwa gati la saruji, maana gati halisogei. Tokelau ni atoli, yaani visiwa vya mchanga juu ya matumbawe, na atoli husogea.

Tokelau ni atoli tatu katika Pasifiki, kama kilomita 500 kaskazini ya Samoa: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Kutoka Atafu hadi Fakaofo ni karibu kilomita 150 za bahari. Nchi kavu yote ukiijumlisha ni kama kilomita za mraba 12, na wakazi ni kama 1,500. Kila atoli ni pete ya mwamba wa matumbawe iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi, na juu ya pete hiyo mawimbi yamerundika mchanga na vifusi vya matumbawe hadi vikawa visiwa vyembamba. Chini kabisa kuna mlima wa volkeno uliodidimia. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alilieleza hilo mwaka 1842. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa atoli ya Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla keekee haijagusa jiwe la volkeno.

Rundo la namna hiyo dhoruba huling'ata huku na kulijaza kule. Wimbi kubwa likipanda juu ya kisiwa huacha mchanga na vifusi, na hivyo ndivyo kisiwa kinavyoinuka. Picha za angani zilizolinganishwa kwa miongo kadhaa zimeonyesha visiwa vingi vya Pasifiki vikibaki na eneo lile lile, hata kuongezeka, ilhali bahari inapanda. Sisemi bahari haipandi. Ninachosema ni kwamba palipo na kijiji watu hujenga ukuta kuzuia wimbi, na ukuta huo huo huzuia mchanga usiingie. Nyumba zinapona, ardhi iliyo nyuma ya ukuta inabaki na kimo chake cha jana, na wimbi linaloupiga ukuta linachimba msingi wake na kuukokota mchanga wa ufukwe wa jirani. Hakuna njia rahisi hapo, na sishangai kwamba wenyeji huchagua ukuta.

Kinachotangulia kuwabana watu, hata hivyo, ni maji ya kunywa. Atoli haina mto wala chemchemi. Mvua hupenya mchangani na kulala juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumika ni moja kwa arubaini: maji baridi yakisimama sentimita 10 juu ya usawa wa bahari, chini yake panatarajiwa mita nne. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa zaidi, maana visima vya Shela hutegemea tabaka la namna hiyo chini ya vilima vya mchanga. Tofauti ni kwamba Shela ina vilima. Kwenye kisiwa chembamba, kupwa na kujaa hulikoroga tabaka kutoka pande zote mbili, likabaki jembamba kuliko kanuni inavyosema. Ukivuta kwa pampu yenye nguvu kutoka kisima kimoja, chumvi hupanda kutoka chini moja kwa moja hadi mdomo wa bomba. Tena kijiji kimekaa juu ya tabaka hilo hilo, pamoja na vyoo vyake na nguruwe wake.

Ndiyo maana Tokelau hunywa maji ya paa. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua linapokea lita 1,000. Toa za kwanza zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, toa zinazovuja kwenye mifereji iliyoliwa na kutu, pengine zikabaki 800. Familia ya watu sita wanaotumia lita 50 kila mmoja humaliza lita 300 kwa siku. Tangi la lita 10,000 lililojaa pomoni linawafikisha siku 33 tu bila mvua. Sasa ongeza La Niña, yaani vipindi ambapo maji ya Pasifiki ya kati hupoa, ambayo husukuma mvua kuelekea magharibi na kuikausha sehemu hiyo ya Pasifiki. Oktoba 2011 Tokelau ilitangaza hali ya dharura kwa sababu maji yalikuwa ya siku chache tu, na meli ya walinzi wa pwani wa Marekani ikapakia maji Pago Pago, katika Samoa ya Marekani, kwenda kuwanusuru. Bahari haikuwa imepanda hata shubiri mwezi huo.

Chakula nacho kina hesabu yake. Minazi, mikadi na mishelisheli hustahimili mchanga, lakini majimbi hutaka shimo. Huchimbwa hadi maji baridi yachuruzike chini, kisha hujazwa majani yanayooza mwaka baada ya mwaka hadi yawe udongo, maana udongo wa kuanzia haupo. Maji ya chumvi yakiingia shimoni, majani ya majimbi huungua pembeni na kiazi huozea ardhini. Mvua nyingi ndiyo huosha chumvi hiyo, na haioshi kwa wiki moja. Vimbunga Ofa mwaka 1990 na Percy mwaka 2005 vilipitisha bahari juu ya visiwa, na hasara ya namna hiyo haionekani kwenye picha ya paa lililong'oka.

Samaki wapo, na ugavi wake una utaratibu uitwao inati: samaki huwekwa chini mahali pamoja, wagawaji huhesabu watu wa kila kundi, watoto wakiwemo, na kila kundi huondoka na fungu lake. Mnapoandika kwamba watu wa huko "wanaishi kwa misaada", inafaa mtaje hilo pia.

Uwanja wa ndege hakuna. Meli hutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, na husafiri zaidi ya siku nzima. Haitii nanga, kwa sababu nje ya mwamba bahari inadidimia ghafla, kwa hiyo huelea huku mashua ya mizigo ikienda na kurudi kupitia mfereji uliolipuliwa kwa baruti katika mwamba. Nahodha wa mashua husubiri mawimbi makubwa yapite, kisha huingia kwa nguvu zote. Akikosea, mashua hugeuka ubavu na wimbi huibwaga juu ya matumbawe. Mgonjwa, saruji, petroli na mchele vyote hupita hapo hapo. Hata umeme wa jua uliowekwa mwaka 2012, paneli 4,032 na betri 1,344, ulishushwa kwa njia hiyo. Kabla yake kila atoli ilichoma kama lita 200 za dizeli kwa siku. Familia zikiongeza friza, mzigo wa usiku huzishinda betri na jenereta hurudi kunguruma. Betri mpya nayo lazima ipite mfereji ule ule.

Kuhusu historia, aya yenu imeanza na kimbunga cha mwaka 1966, ambacho kweli kilifuatwa na mpango wa kuwahamishia watu New Zealand. Lakini pigo kubwa kuliko bahari yoyote lilikuja mwaka 1863. Meli za wawindaji watumwa kutoka Peru zilibeba watu kama 250, karibu nusu ya wakazi, wengi wao wenye nguvu za kufanya kazi. Karibu hakuna aliyerudi. Visiwa vilijazwa upya kwa ndoa na wageni, miongoni mwao Wareno na Wajerumani waliolowea huko, na wamisionari wakaacha mgawanyo wa dini ulio dhahiri hadi leo: Atafu ni ya Waprotestanti, Nukunonu ya Wakatoliki, na Fakaofo ina wote wawili. Uingereza ilivifanya himaya yake mwaka 1889, New Zealand ikakabidhiwa kuvisimamia miaka ya 1920, na tangu Januari 1949 ni sehemu ya New Zealand. Watu wa Tokelau wanaoishi New Zealand sasa ni wengi mara kadhaa kuliko waliobaki.

Wala si kweli kwamba "hawajawahi kuulizwa". Waliulizwa mara mbili kama wanataka kujitawala kwa ushirika na New Zealand, na sharti lilikuwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 2006 waliokubali walikuwa asilimia 60. Oktoba 2007 walikuwa 446 kati ya 692, yaani walipungukiwa kura 16.

Mwisho, ramani yenu imekiweka Olohega, yaani Swains, ndani ya Tokelau. Kwa utamaduni wenyeji wengi watawaunga mkono, ila kisheria kisiwa hicho kiliunganishwa na Samoa ya Marekani mwaka 1925, na mkataba uliotiwa saini mwaka 1980 kati ya Marekani na New Zealand uliuweka mpaka kaskazini yake. Mkichapisha ramani tena, mstari upite kati ya Fakaofo na Olohega.

Msomaji wenu