Saruji si dawa ya ukuta uliolowa

Ndugu Mhariri,

Masika yakimalizika tu, Mji Mkongwe wa Unguja hujaa mafundi wa lipu. Mwenye duka akiona ukuta umevimba na rangi inabambuka, anaagiza saruji. Lipu ikishapigwa anapaka rangi ya mafuta, anarudisha makabati na kanga zake. Masika yajayo ukuta ni uleule, tena umezidi.

Kuta zetu si za matofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa polepole kwa upepo. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda na chumvi yake. Gonga lipu ya saruji katika duka lililolowa: inalia kama debe tupu. Ibandue, utakuta unga mweupe wa chumvi, na jiwe linalomeguka kwa ukucha. Kinachonitisha zaidi ni boriti. Ncha zake zilizochomekwa ukutani ndizo huoza mwanzo, na aliyeko dukani hazioni, maana ameshapigilia siling'i bodi.

Kazi ianzie maji yanakotoka. Pengine mlizamu wa kutolea maji ya mvua paani umevunjika. Mara nyingi, kwa niliyoyaona, ni bomba la bafu la nyumba ya wageni huko ghorofani, mahali ambapo wazee hawakuweka bafu (mvua tunaisingizia mengi). Likishazibwa, saruji ing'olewe, ukuta uachwe ukauke kwa miezi, ndipo upigwe lipu ya chokaa iliyolowekwa ikaiva.

Mpangaji atauliza kodi ataitoa wapi miezi yote hiyo. Si lazima afunge. Lipu ing'olewe ukuta mmoja mmoja, makabati yakae mbali nao, biashara iendelee. Sura ya duka itakuwa mbaya kidogo, basi.

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, macho yote yako kwenye majumba makubwa. Maduka ya vichochoroni, yenye watu juu na wateja chini, hayatajwi. Naiomba Mamlaka ya Mji Mkongwe isitoe kibali cha kupiga lipu duka lolote kabla mkaguzi wake hajaoneshwa maji yanaingilia wapi, na gharama ya kuyazuia ibebwe na mwenye nyumba, si mpangaji.

Mfanyabiashara,
Mkunazini, Unguja