Risala ya Kikundi cha Mdahalo cha Vijana Wakimbizi wa Kongo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kambi na wajumbe wa kamati yako,
Viongozi wa dini, walimu, wazee wetu, mama zetu na vijana wenzetu,

Itifaki ikiwa imezingatiwa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika saa nne kamili kama ilivyoandikwa kwenye barua. Wageni wetu wengine tuliwapokea saa tisa watoto wakiwa wamekwisha lala chini kwa njaa, kwa hiyo jambo hili tumeliona na tunalithamini.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2019 kikiwa na vijana 9 waliokuwa wakikaa juu ya mawe chini ya mwembe. Leo tuko 64. Wazazi wetu wengi ni watu wa Fizi, Baraka na Uvira, mashariki mwa Kongo, waliovuka Ziwa Tanganyika kuanzia 1996, na baadhi yetu tumezaliwa hapahapa Kigoma, Kongo tunaijua kwa kusimuliwa. Historia ni ndefu na hatupendi kukuchosha.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Tumeendesha midahalo 38. Vijana waliokuwa hawawezi kusimama mbele ya watu sasa wanaongoza ibada na mikutano ya mitaa. Ugomvi wa bombani umepungua sana. Wazee wawili wa mtaa mmoja, waliokuwa hawasalimiani tangu Fizi, walipeana mikono mbele yetu baada ya mdahalo wa Pasaka. Tunaweza kusema bila woga kwamba kikundi hiki kimekuwa chuo cha amani kwa ukanda huu wote.

Mheshimiwa, mada iliyotushika mwaka mzima wa 2025 ni hii: nchi yetu iliyovamiwa isaidiwe kwa majeshi na silaha, au isaidiwe kwa mazungumzo? Tuliianza mwishoni mwa Januari mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, tukaendelea nayo Februari Bukavu ilipofuata, na hadi leo hatujaifunga.

Wanaounga mkono msaada wa kijeshi hawasemi kwa hasira tu. Wanakumbusha kwamba mwaka 2013 Umoja wa Mataifa, kwa Azimio namba 2098, uliunda kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kikiongozwa na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kabla mwaka huo haujaisha M23 walitangaza kuacha vita. Dada mmoja wa upande huu alituuliza swali ambalo mpaka leo linatuuma: mtu akiwa ameingia nyumbani kwako na panga, wewe utakaa naye mezani mkiwa mnaongelea nini? Wanalitaja pia Azimio namba 2773 la Februari 2025, ambapo Baraza la Usalama lilitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo. Rwanda inakana kuwaunga mkono, na inasema tishio lake ni FDLR, kundi lenye mabaki ya waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Yote mawili tuliyasema kwa sauti ukumbini, kwa sababu mdahalo wa upande mmoja si mdahalo.

Wa upande wa mazungumzo nao wana hesabu yao. Askari wa Afrika Mashariki waliingia Goma Novemba 2022, wakaondoka Desemba 2023. Wakaja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwemo ndugu zetu wa Tanzania walioacha wazazi na watoto wao nyumbani kwa ajili yetu, na Machi 2025 jumuiya hiyo ikakatisha kazi yao. Kila jeshi lililokuja lilikuwa na siku ya kuondoka, na sisi hatuna. Tena walisema kwamba silaha za msaada hazibaki kwa aliyepewa; katika Kivu tumeona bunduki moja ikibadilisha mikono mara nne kabla haijapata kutu.

Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa mwenyekiti wa mdahalo ule na sikuruhusiwa kutoa hoja. Leo naomba niitoe. M23 hawakushindwa 2013 kwa sababu ya bunduki peke yake, wala hawakurudi 2021 kwa sababu bunduki zilipungua peke yake. Desemba 2013 serikali na M23 waliweka saini Nairobi, na baadaye yaliyoandikwa kule yakaachwa. Wapiganaji walibaki miaka na miaka katika kambi za Uganda na Rwanda bila kujulikana watarejeshwa lini na kwa masharti gani. Hata jina la M23 lenyewe ni tarehe, 23 Machi 2009, ya mkataba mwingine ambao wao wanalalamika haukutekelezwa. Nchi yetu imepewa majeshi na imepewa meza. Alichokosa mtu wa Uvira, wa Rutshuru, wa Masisi ni kujua kilichosainiwa kwa jina lake, ili naye aweze kuhesabu siku na kuuliza.

Na hapa, Mheshimiwa, ndipo ombi letu lilipo.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini mkataba mjini Washington. Redio ilisema kuna siku 90: FDLR wadhibitiwe, na Rwanda iondoe kile inachokiita hatua zake za kujilinda. Ikasema pia kuna kifungu kuhusu sisi wakimbizi kurudi kwa hiari. Katibu wetu alichukua chaki, akaandika 90 kwenye kona ya ubao wetu wa mbao, ule uliopakwa masizi ya betri. Kila Ijumaa alifuta na kuandika upya: 83, 76, 69. Watoto walijua namba ile kuliko tarehe ya siku. Septemba 25 ikafika, akaandika sufuri. Ukumbi mzima ukamtazama. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kipi kimetimia na kipi hakikutimia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona karatasi yenyewe. Sufuri ile ilikaa ubaoni wiki tatu, hakuna aliyetaka kuifuta.

Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakasaini tena kule Washington. Hata wiki haikuisha, Uvira ikachukuliwa. Usiku ule tulikuwa watu zaidi ya mia tumezunguka redio moja. Mama mmoja ambaye dada yake alikuwa bado Uvira alisimama akiwa na mtoto mgongoni, akauliza: "Ile karatasi ya juzi inasemaje kuhusu Uvira?" Tulikuwa pale, Mheshimiwa, wazungumzaji wetu hodari wote, wenye vyeti vya ukutani. Tulinyamaza. Baadaye mwezi uleule M23 walitangaza kwamba wanajiondoa Uvira kwa ombi la wapatanishi wa Marekani, na ndugu zetu wa upande wa mazungumzo walishangilia. Mama yule hakurudi tena kwenye mdahalo.

Tunachoomba ni kimoja. Tunaomba tafsiri ya Kiswahili ya mikataba hii: wa Washington wa Juni, yale yaliyosainiwa Desemba, na ya Doha kati ya serikali na M23, yaani tamko la kanuni la Julai na mfumo wa Novemba. Siyo muhtasari. Maandishi kamili, kifungu kwa kifungu, yaliyochapwa kwa herufi zinazosomeka na mzee mwenye miwani ya zamani. Na tunaomba mtu mmoja anayevielewa vifungu aje akae nasi siku mbili, asome kwa sauti na ajibu maswali. Kiswahili ndiyo lugha yetu ya Fizi, ya Uvira na ya Goma. Ndiyo lugha waliyotupokelea nayo Watanzania. Ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatuoni sababu mkataba wa amani ya watu wanaosema Kiswahili uwafikie kwa uvumi.

Mheshimiwa, utuwie radhi, lakini ombi hili si geni. Mwaka 2023 tuliliomba kwa mgeni rasmi wa wakati ule kuhusu karatasi za mazungumzo ya amani ya Kongo yaliyofanyika Nairobi na Luanda. Alisema ni jambo dogo sana, litakuwa tayari ndani ya mwezi. Tulipiga makofi. Julai 2025 tuliliomba kwa mgeni mwingine, akaliandika kwenye daftari lake la kijani mbele yetu, akapiga mstari chini yake mara mbili, akasema wiki mbili. Baada ya miezi mitatu lililetwa boksi. Lilikuwa na fulana 50 zenye neno Amani kifuani. Tulizipokea kwa shukrani na tunazivaa, hata leo unaziona. Lakini kijana aliyevaa fulana ile hawezi kumjibu yule mama.

Ndiyo maana safari hii tumeyaondoa maombi mengine kwa makusudi. Viti havitoshi, sola yetu imekufa, na ukuta wa upande wa mvua umeanguka. Hayo tutayabeba wenyewe kwanza. Hatutaki aje mtu kutuambia kwamba fedha ya tafsiri imekwenda kwenye viti. Wala hatusemi wewe ni kama waliotangulia. Kwa heshima kubwa, tunasema tu kwamba kiti ulichokalia kimekwisha kaliwa na watu wawili waliotuahidi kitu hikihiki.

Na ikiwa jambo hili liko nje ya uwezo wako, tunakuomba utuambie leo, hapahapa, mbele ya mama zetu. Hatutakulaumu. Tutaandika barua kwingine kesho asubuhi. Kinachotuumiza ni kungoja kitu ambacho hakuna anayekishughulikia, na wewe mwenyewe umeona kwenye risala hii jinsi kungoja kwa namna hiyo kulivyotufanya tuwe tulivyo.

Vijana hawa wanataka kuendelea na mdahalo. Wako wanaotaka bunduki na wako wanaotaka meza, na wote wamekubaliana kwa kura, 64 kati ya 64, kwamba hawatasimama tena kubishania mkataba wasioujua. Tangu Januari 2026 ukumbi wetu hauna mdahalo wa mada hii. Wanakuja, wanakaa, wanasikiliza redio, wanarudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya risala hii tunakukabidhi sasa. Ukurasa wa mwisho tumeacha mstari mmoja mtupu kwa ajili ya tarehe utakayotuletea karatasi hizo, na mwingine kwa ajili ya sahihi yako. Kalamu anayo mweka hazina wetu, huyo dada aliyesimama kushoto kwako. Ubao uko nyuma yako, umefutwa, na chaki ipo.

Naomba kuwasilisha.