Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Waombaji wa Uzamili na Uzamivu Nje ya Nchi

Ndugu wanachama,

Taarifa hii inahusu Januari hadi Desemba 2025, pamoja na siku za mwanzo za 2026 ambazo haziwezi kuachwa nje kwa kuwa ndizo zilizopindua mipango ya wengi. Hesabu za ada na michango zimo kwenye taarifa ya mhazini, sitazirudia. Hapa ninaeleza nini kimebadilika na utaratibu ambao kamati ya ushauri sasa inaufuata kwa kila mwombaji. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuusema: kabla ya kulipa chochote, mwombaji aandike ni malipo gani yatarudi akinyimwa viza na ni yapi hayarudi, kisha yasiyorudi ayasogeze mwisho wa safari. Kuufuata ndiyo kazi, kwa sababu vyuo, mawakala na hata ndugu humsukuma alipe mapema.

Tuanze na Marekani. Mei 27, 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iliagiza balozi zake zisitoe miadi mipya ya usaili wa viza za masomo na mafunzo, yaani F, M na J. Miadi ilirejea Juni 18, safari hii na sharti la mwombaji kuacha wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Wiki tatu si nyingi, ila ziliangukia msimu ambao wanaoanza masomo Agosti huwa wanagombania miadi ya ubalozi wa Marekani, Msasani. Septemba likaja agizo kwamba mtu afanyie usaili katika nchi ya uraia wake au anakoishi, na njia ya kukimbilia Nairobi kutafuta miadi ya karibu ikafungwa. Kisha Desemba 16 Rais wa Marekani akasaini tamko lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu. Kuanzia Januari 1, 2026, Mtanzania aliyeko nje ya Marekani bila viza halali amezuiwa kupata viza za masomo za F na M, ya J ya mafunzo na kubadilishana, na ya B ya matembezi na biashara.

Tamko halifuti viza iliyokwisha kutolewa. Mwenye viza hai kwenye pasipoti anaweza kusafiri nayo, ingawa uamuzi wa kumpokea bado ni wa ofisa wa mpakani. Msamaha uliowekwa kwa wenye uraia wa nchi mbili hautufai sana, maana sheria yetu haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa pili. Walio katika hatari wasiyoiona ni wanafunzi walioko kule sasa. Viza ikiisha muda ukiwa ndani ya Marekani, hadhi yako ya masomo haiathiriki mradi I-20, fomu ya udahili inayotolewa na chuo, iko sawa na unasoma; ukitoka kuja likizo Dar, utahitaji viza mpya ambayo haitolewi. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi angalia tarehe ya viza, usiangalie ya I-20. Wanaokaribia kuhitimu wajue pia kwamba mwanzoni mwa Januari idara ya uhamiaji ya huko, USCIS, ilisimamisha uamuzi wa maombi ya raia wa nchi zilizo kwenye orodha hiyo, na kibali cha kufanya kazi baada ya masomo ni mojawapo ya maombi yanayopita kwake.

Mwenye udahili wa Marekani kwa 2026 tunamshauri asilipe dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, wala dola 185 za usaili wakati zuio lipo. Aliyekwisha kulipa SEVIS asikate tamaa: malipo yale yamefungamana na namba iliyo kwenye I-20, hivyo chuo kikisogeza tarehe ya kuanza kwa kutumia namba ileile hatalipa tena. Akipewa namba mpya, kwa mfano kwa kuhamia chuo kingine, lazima aombe malipo yahamishiwe kwenye namba hiyo. Risiti ya ada ya usaili hudumu siku 365.

Barua ya kuahirisha udahili imetuchukua muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu waombaji huuliza jambo moja tu: “Naweza kuanza mwakani?” Chuo hujibu ndiyo, mtu anatulia, halafu mwakani anagundua nafasi ipo ila fedha hazipo. Ofisi ya udahili hutunza nafasi. Idara ndiyo inayotoa ufadhili na nafasi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti, na bajeti yake mara nyingi haivuki mwaka. Waandikie wote wawili, kwa barua pepe moja, ukiuliza: nafasi inashikiliwa hadi muhula upi, ufadhili unahama nayo au nitashindania upya, malipo ya kushika nafasi yanahama au yanapotea, na je, ninaruhusiwa kujiunga na programu nyingine wakati nasubiri? Swali la mwisho husahaulika, nalo ndilo linalomfunga mtu mikono. Kwa ofa zenye ufadhili, vyuo vingi vya Marekani vimeridhia kwamba mwombaji halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Itumie siku hiyo mpaka mwisho wake.

Wanaoachana na Marekani wanageukia Uingereza, na huko shida ni hesabu. Ada ya viza ilifikia pauni 524 Aprili 2025. Juu yake kuna mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Bajeti nyingi huvunjika hapa: kozi ya miezi kumi na miwili hutoa viza ya takriban miezi 16 au 17, na kipande kinachozidi mwaka, kikiwa chini ya nusu mwaka, hutozwa nusu. Jumla ni pauni 1,164, zinazolipwa mtandaoni kwa mkupuo kabla ombi halijapokelewa. Kadi za benki zetu huwa na kikomo cha matumizi kwa siku. Omba benki ikipandishe siku kadhaa kabla. Viza ikikataliwa mchango wa afya hurudishwa, ada ya viza hairudi.

Kwa maombi ya kuanzia Novemba 11, 2025, fedha za kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa London na 1,171 nje ya London, kwa miezi tisa: yaani 13,761 au 10,539, pamoja na ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa. Kiasi hicho kikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Akaunti iwe yako, ya mwenzi wako au ya mzazi, na ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Ya mjomba au shangazi haikubaliki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza, isipokuwa awe mlezi kisheria. Michango ya ukoo basi ihamie kwenye akaunti yako kwanza, ndipo siku 28 zianze kuhesabiwa. Salio la shilingi hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuomba, kwa hiyo weka ziada. Kamati inapendekeza asilimia 10. Waliokataliwa kwa sababu ya benki wengi walikuwa na fedha, ila salio lilizama siku moja kwa makato au kwa shilingi kuteleza.

Msishangae vyuo vya Uingereza vinapowasaili kama polisi kabla ya kutoa CAS, uthibitisho wa udahili unaotumika kuombea viza. Chuo hupimwa kwa kiwango cha waombaji wake wanaokataliwa viza, na serikali imetangaza kukishusha kikomo kutoka asilimia 10 hadi 5. Chuo kinachoogopa kupoteza leseni humwacha mwombaji mwenye taarifa ya benki yenye utata. Kumbukeni pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, kinachodumu miezi sita, na kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Kibali cha kubaki na kufanya kazi baada ya masomo kitakuwa miezi 18 badala ya miaka miwili kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027. Wa uzamivu wanabaki na miaka mitatu. Atakayeanza Septemba 2026 ajihesabu kwenye miezi 18. Aliyeanza Septemba 2025 aulize chuo mapema kitapeleka lini taarifa ya kuhitimu kwake, kwa kuwa hawezi kuomba kabla ya taarifa hiyo na Desemba itakuwa inayoyoma.

Kanada inaonyesha vizuri kwa nini tunakataa kutoa ushauri kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Ukomo wa vibali vya masomo ulitangazwa Januari 2024, wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakiwa wamesamehewa. Mwaka 2025 wakaingizwa, wakatakiwa barua ya uthibitisho ya jimbo. Kuanzia Januari 1, 2026 wamesamehewa tena, mradi chuo ni cha umma. Mwanachama aliyeambiwa na rafiki yake wa 2025 kwamba lazima barua ya jimbo anapoteza wiki bure. Anayekwenda chuo binafsi kwa kumsikiliza wa 2026 anakwama. Fedha za kujikimu kwa mtu mmoja, nje ya Quebec, ni dola za Kanada 22,895 tangu Septemba 2025, mbali na ada ya chuo na nauli. Taarifa ya benki inayotakiwa huko ni ya miezi minne. Fedha iliyoingia kwa mkupuo wiki iliyopita itaulizwa ilikotoka, hivyo ambatanisha mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya SACCOS au chochote kinachoeleza chanzo.

Ujerumani kwa maoni yangu ndiyo inayotabirika kuliko zote kwa sasa, ingawa si rahisi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza. Akaunti ya zuio, ile ambayo unaweka fedha zote na kuruhusiwa kutoa kiasi maalumu kila mwezi, inahitaji euro 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Fedha hiyo ni yako na viza ikikataliwa inarudi, ila kwa barua ya ubalozi na baada ya makato ya mtoa huduma. Jambo la kuangalia: tangu Julai 1, 2025 utaratibu wa kukata rufaa kwa barua ubalozini umefutwa. Ukikataliwa unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Faili linalopelekwa Umoja House, ulipo ubalozi wa Ujerumani Dar, liwe limekamilika siku ya kwanza.

Nyaraka za hapa nyumbani bado zinawaangusha watu kuliko siasa za nje. Majina kwenye cheti cha kidato cha nne, shahada, kitambulisho cha NIDA na pasipoti yakitofautiana, hata kwa herufi moja, shughulikia kwanza kabla ya kujiandikisha kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, kwa sababu matokeo yatatoka na jina la pasipoti. Alama za GPA usizigeuze mwenyewe. Mwenye 3.6 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ana daraja la pili la juu. Akizidisha kienyeji kwenda kwenye kipimo cha 4 anapata 2.88 na kujitupa chini ya 3.0 inayotakiwa na vyuo vingi. Andika 3.6 kati ya 5 na daraja lake. Unapotuma fedha za chuo kwa benki, chagua makato yote yabebwe na mtumaji, la sivyo benki za katikati hukata njiani, malipo yanafika pungufu, na chuo hakitoi barua mpaka dola 20 zilizokosekana zifike.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi na kwa ukali. Wakala anayejaza fomu yako kwa barua pepe yake mwenyewe anashikilia ombi lako. Anayekutafutia “statement” anakuuzia kifungo: taarifa ya benki ya kughushi humfungia mtu Uingereza miaka 10, Kanada miaka 5, na Marekani maisha isipokuwa apate msamaha maalumu. Kamati haitapokea faili ambalo mwenye nalo hana nywila zake.

Kwa wasiotaka kusubiri, kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2023 ina shahada ya uzamili ya sayansi ya data na akili unde, na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha inafundisha uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Hakuna viza ya kuombea huko. Anayekwenda nchi ambayo hatujaizoea ahakikishe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo kinatambuliwa, asisubiri kuuliza siku ya kurudi.

Mkutano mkuu utaombwa kuridhia mambo mawili. La kwanza, mfuko wa mikopo midogo uache kukopesha nauli na badala yake ukopeshe ada za mwanzo: mtihani wa lugha, na maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua nyaraka za waombaji wa vyuo vya Ujerumani, ambayo ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata. La pili, kila mwombaji anayesaidiwa na chama awe na nchi mbili angalau kwenye mpango wake, moja ikiwa na tarehe ya kuanza inayopishana na nyingine.

Wanaolenga muhula wa baridi wa Ujerumani, vyuo vingi hufunga Julai 15, vingine mapema zaidi, na uni-assist huhitaji wiki nne hadi sita kukagua nyaraka. Kamati itapokea mafaili yenu hadi katikati ya Mei.

Mwenyekiti
Dar es Salaam